Nina mapacha tumboni, naambiwa mji wa mimba utapasuka

Shikamoo Bibi Mkunga,

Nina miaka 29, naishi Pangani, mkoa wa Tanga. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kike, ana miaka minne, nilimzaa kwa njia ya kawaida na sikupata tabu. Sasa nina mimba ya wiki 27, na altrasaundi imeonyesha ni mapacha. Siku tuliyoambiwa tulicheka na kulia kwa furaha, mume wangu akaupigia simu ukoo mzima.

Furaha hiyo imeingia doa. Tumbo langu ni kubwa mno. Wiki iliyopita kliniki, nesi alinipima kwa futi akasoma sentimita 33. Akamwita mwenzake waje waangalie pamoja, akaniambia, "Mama, hili tumbo litakuchana." Wakacheka. Mimi nilipanda bajaji nikalia mpaka nyumbani.

Mama mkwe wangu naye hana raha. Ananipenda, hilo silikatai. Ila anasema mji wa mimba ni kama mpira: ukivutwa kupita kiasi, ama unapasuka, ama unalegea moja kwa moja usirudi tena. Mdogo wake wa kike alizaa mapacha nyumbani, zamani hizo, akatokwa na damu nyingi na kufariki kabla jua halijazama. Tangu siku ile, akisikia mapacha anaona jeneza. Anataka nianze kufunga mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo, leo hii, usiku na mchana, ili tumbo lisitanuke zaidi, na nile mlo mmoja kwa siku watoto wasinenepe. Mume wangu ni mvuvi, wameenda dago, kambi ya uvuvi, na nikimpigia ananiambia nimsikilize mama.

Tena jioni tumbo hukaza likawa gumu kama jiwe, likakaa kidogo, kisha likaachia. Kila likikaza nadhani ndiyo linachanika. Halafu wifi yangu ana uvimbe kwenye kizazi, na daktari alimwambia unalishwa na homoni. Mimi mwenye watoto wawili tumboni si ndiyo nina homoni nyingi zaidi? Nami nitaota uvimbe?

Bibi, nieleze taratibu nielewe. Hii nyama ya kizazi inapata wapi nafasi yote hii? Inakua, au inavutika tu? Na mkaja, nifunge au nisifunge?

Mama wa Pangani

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Mama mwenye mimba hatishwi kwa kicheko, na aliyekufanyia hivyo alikukosea. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na najua uchovu wa zamu, lakini neno moja la mkunga mama hulibeba mpaka siku anayojifungua. Hebu tuliondoe hilo kwanza.

Zile sentimita huenda sambamba na wiki kwa mimba ya mtoto mmoja. Kuanzia wiki ya 20 hivi, wakati kilele cha mji wa mimba kinapofika kitovuni, mpaka karibu wiki ya 36, tunategemea mwenye wiki 27 asome kama sentimita 27, pungufu au zaidi kidogo. Wewe una watoto wawili, na maji ya wawili, na kondo la kuwalisha wawili. Futi ile haikutengenezwa kwa ajili yako. Kusoma 33 kwa mapacha wa wiki 27 si ajabu. Ajabu ingekuwa tumbo liruke ghafla ndani ya siku chache, ngozi ing'ae, upumue kwa shida. Hapo nenda kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda maji yamezidi.

Sasa swali lako kubwa: kizazi kinakua au kinavutika? Vyote viwili, mwanangu, na kule kuvutwa ndiko kunakokifanya kikue. Hapo ndipo mfano wa mama mkwe unapokwama. Chukua mpira wa gramu 70 uuvute uwezavyo. Utakuwa mrefu, utakuwa mwembamba, lakini ukiuweka kwenye mizani utasoma gramu 70 zilezile. Mji wa mimba wa mwanamke asiye na ujauzito una uzito wa gramu 60 au 70 hivi, urefu wake sentimita saba au nane, na nafasi iliyomo ndani haizidi vijiko viwili vya chai. Siku ya kujifungua, ukiwa mtupu, bila mtoto, bila maji, bila kondo, una uzito wa kilo nzima. Ndani yake huenea kama dumu la lita tano kwa mtoto mmoja, na kwa mapacha zaidi. Hiyo karibu kilo ya nyongeza ni nyama mpya. Mwili wako umeijenga wenyewe, na sasa hivi unaposoma unaendelea kuijenga.

Ujenzi huo una mafundi wawili. Wa kwanza ni homoni, na hufika kabla ya mtoto hajawa na ukubwa wa kumsukuma mtu yeyote. Katika wiki za mwanzo kiumbe ni kidogo kama punje ya choroko, hakivuti chochote, lakini mji wa mimba umeshaanza kunenepa. Sisi wakunga tunalo jambo linalolithibitisha hili, ingawa ni la huzuni: mimba ikitunga nje ya kizazi, kwenye mrija, kizazi chenyewe kiko kitupu, na bado hukua kidogo. Hakuna kilichokitanua. Ni amri ya homoni tu, hasa estrojeni, inayoziambia seli za misuli zigawanyike, moja iwe mbili, mbili ziwe nne. Kwa hiyo miezi ile ya mwanzo ukuta wa kizazi huwa mnene kuliko ulivyokuwa kabla ya mimba.

Fundi wa pili ni mvuto. Kuanzia mwezi wa tatu kwenda mbele mtoto anajaza nafasi, na kazi inabadilika. Seli zinapunguza kugawanyika na kuanza kila moja kurefuka na kunenepa. Seli moja ya misuli ya kizazi inaweza kurefuka karibu mara kumi, ikafika nusu milimita. Kwa seli hilo ni umbo kubwa sana. Ukuta nao unaanza kuwa mwembamba kadiri tumbo linavyopanda, na mwishoni mwa mimba huwa na unene wa kati ya sentimita moja na mbili. Mwembamba, ndiyo, lakini uliojaa misuli iliyokomaa.

Utaniuliza tumejuaje kwamba ni mvuto na si homoni zilezile zinazoendelea. Lipo jaribio ninalolipenda kwa sababu hata asiyesoma sayansi anaweza kuliona kwa macho ya akili. Mji wa mimba wa panya si mfuko mmoja kama wetu. Una pembe mbili, umekaa kama panda ya manati. Miaka ya 1990 watafiti wa Toronto, Kanada, walifunga mrija wa upande mmoja, panya akashika mimba kwenye pembe moja tu. Fikiria hapo: damu ni moja, homoni ni zilezile zinapita pande zote mbili, tofauti ni kwamba pembe moja ina watoto wanaoitanua na nyingine ni tupu. Ikiwa homoni peke yake inatosha, pembe zote zingekua sawa. Hazikukua sawa. Seli za upande wenye watoto ndizo zilizonenepa. Kisha wakaingiza kijibomba cha plastiki cha milimita tatu kwenye pembe tupu, kikaitanua bila mtoto yeyote, na misuli ya upande ule nayo ikaanza kufanya maandalizi ya uchungu kama jirani yake. Nyama ilihisi kuvutwa, ikaitikia.

Inahisije? Kila seli ya misuli imeshikana na nyuzi zinazoizunguka kwa vishikio vidogo vinavyopenya ukuta wake. Mtoto akikua, nyuzi zinavutwa, vishikio vinavutwa, na ndani ya seli habari inakimbia mpaka kwenye kiini. Kiini kikipokea habari hiyo kinaagiza vifaa vya ujenzi: protini zaidi za misuli, nyuzi zaidi za kuizungushia seli, vishikio zaidi vya kushika. Ni kama mbebaji wa bandarini ambaye mizigo ndiyo iliyomjenga mabega. Mama mkwe anaposema kuvutwa kunaudhoofisha mji wa mimba, mwambie kwa heshima kwamba kuvutwa polepole, wiki baada ya wiki, ndicho chakula chake.

Lakini misuli yoyote ukiivuta hutaka kujikunja. Mbona basi kizazi kinavutwa miezi yote hii na hakimsukumi mtoto nje mwezi wa tano? Hapa nakuomba utulie nami kidogo, maana ndipo penye jibu la tumbo lako la jioni.

Kuna homoni nyingine, projesteroni, ambayo hutengenezwa na kondo la nyuma. Kazi yake moja kubwa ni kuituliza misuli: ikue, inenepe, lakini isivute kwa pamoja. Tangu miaka ya 1950 mtafiti Arpad Csapo alieleza kwamba mimba hudumu kwa sababu projesteroni imeweka kizuizi. Wale watafiti wa Toronto waliona jambo hilohilo: panya walioendelea kupewa projesteroni, misuli yao haikufanya maandalizi ya uchungu hata ikivutwa. Kwa hiyo mvuto unasema "vuta," projesteroni inasema "bado."

Umewahi kuona jahazi likiingizwa pwani? Watu thelathini wameshika kamba, kila mmoja akivuta kwa wakati wake, jahazi halisogei hata shubiri moja. Akatokea mwimbishaji, wakaitikia pamoja, jahazi likapanda mchanga. Misuli ya kizazi ni vivyo hivyo. Muda mwingi wa mimba seli zinavuta moja moja, kundi hapa, kundi pale. Tumbo linakaza, linakuwa gumu, linaachia. Hiyo ndiyo jiwe lako la jioni. Hakuna kinachochanika. Karibu na kujifungua seli hujenga vijilango baina yao, protini inayoitwa koneksini ndiyo inayovijenga, ishara ikapita kutoka seli hadi seli mpaka kizazi kizima kivute kwa pigo moja. Mvuto huongeza vijilango hivyo, projesteroni huvipunguza. Kwa panya projesteroni hushuka kwenye damu kabla ya uchungu. Kwetu sisi wanadamu haishuki mpaka kondo litoke. Ni misuli ndiyo huacha kuisikia. Kizuizi kinaondoka hivyo, na mwimbishaji anaanza.

Sasa tufike kwenye mapacha, na hapa sitakuficha kitu. Mvuto ambao mama wa mtoto mmoja anaupata mwezi wa tisa, wewe unaupata mapema zaidi. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Hofu yako uihamishe, mwanangu. Usiogope kupasuka. Angalia zaidi uchungu wa mapema, kwa sababu huo unaweza kuutambua na kuuwahi.

Kukaza kwa kawaida hakuna mpangilio. Kunakuja ukiwa umechoka, umesimama sana, kibofu kimejaa au hujanywa maji, na ukilala ubavu na kunywa maji kunapungua. Kukaza kusiko kwa kawaida kunakuja kwa zamu zinazofuatana, mara nne, tano au zaidi ndani ya saa moja, na hakusikii maji wala mapumziko. Kiuno kinauma chini kwa kurudiarudia. Unahisi uzito unashuka ukeni. Maji yanatoka, hata kidogo kidogo kama mkojo usiozuilika. Damu inatoka. Ukiona mojawapo, usisubiri asubuhi wala usisubiri mume arudi dago. Nenda hospitali yenye huduma ya watoto njiti, si zahanati ya jirani. Ukiwahi, daktari anaweza kukuchoma sindano za kukomaza mapafu ya watoto, na sindano hizo zinahitaji muda ili zifanye kazi. Kila saa ina thamani.

Usinunue dukani vidonge wala sindano za projesteroni eti uongeze kile kizuizi. Najua ukisoma niliyoeleza utaona ni jambo la akili, na wataalamu nao waliona hivyo. Huko Uingereza walijaribu kwa wanawake 500 wenye mimba za mapacha, nusu wakapewa projesteroni na nusu wakapewa dawa isiyo na kitu. Matokeo yalichapishwa 2009: waliopewa hawakuwazidi wenzao. Daktari anaweza kuwa na sababu yake ya kumpa mama fulani, tuseme kama mlango wa kizazi umeonekana kuwa mfupi, lakini iwe ni yeye aliyeamua baada ya kukupima. Kulala kitandani kutwa nzima nako hakujaonekana kuwazuia mapacha wasije mapema. Pumzika ukichoka, punguza kubeba ndoo, lakini tembea.

Kupasuka je? Kupo, sitasema hakupo. Ila kizazi ambacho hakijawahi kukatwa, na mama anazalia mikononi mwa wataalamu, kupasuka ni nadra sana, hata kwa mapacha. Wanaopasuka mara nyingi ni wenye kovu la upasuaji, kwa kuwa kovu ni nyuzi tupu, halina seli za misuli za kuvutwa zikakua kama nilivyokueleza. Wengine ni wale ambao mtoto amekwama na wakaachwa na uchungu kwa muda mrefu. Na wengine, hawa ndio waliokuwa wakiniliza zaidi leba, ni waliokunywa dawa za mitishamba za kuongeza uchungu kabla ya kuja. Dawa ile hulazimisha misuli kuvuta bila kuachia. Wewe huna kovu. Basi kimoja tu nakuapisha: yeyote atakayekuletea kikombe cha kuharakisha uchungu, awe jirani, awe shangazi, mkatalie.

Nirudi kwa mdogo wake mama mkwe, Mungu amrehemu. Sikuwapo, na siwezi kusema kwa hakika kilichompata. Lakini kutokwa na damu baada ya kuzaa mapacha tunakujua vizuri, na mara nyingi chanzo chake si kupasuka. Misuli ya kizazi imepangwa ikikatizana kama nyuzi za mkeka, na mishipa ya damu inapita katikati ya nyuzi hizo. Mwisho wa mimba damu inayopita kizazini inafika nusu lita au zaidi kwa dakika moja. Kondo likibanduka mishipa ile inabaki wazi. Kinachoifunga ni misuli yenyewe kujikunja na kuibana. Kizazi kilichobeba wawili kimevutwa sana, na siku hiyo kinaweza kuchelewa kujikunja. Kikichelewa, damu inamwagika. Kumbe mama mkwe wako alipoogopa "kulegea" alikuwa na ukweli mkononi. Alichokosea ni muda na dawa. Kulegea kwa hatari si kwa maisha yote, ni kwa saa chache za mwanzo baada ya kuzaa. Na dawa yake si mkaja wa miezi mitatu kabla.

Dawa yake ni kuzalia hospitali. Mtoto wa pili akishatoka, utachomwa oksitosini, uniti 10, sindano ndogo inayokiamuru kizazi kijikunje. Mkunga atashika tumbo lako kuhakikisha kizazi kimekuwa kigumu. Kikilegea, ana dawa za kuongeza, na damu ya kuongezewa iwe karibu. Zipo hospitali, zikiwamo za Tanzania na Kenya, zilizoshiriki utafiti uliochapishwa 2023, ambapo mama aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu inayotoka ikaonekana kiasi chake badala ya kukisiwa, na matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo mara ikizidi. Visa vya damu kuzidi sana na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka nyuso za akina mama niliowazika. Ulizia unakotarajia kujifungulia kama wanayo, na kama damu ya kuongezea ipo.

Kwa sababu hiyohiyo, mlo mmoja kwa siku naukataa kabisa. Njaa haipunguzi mvuto kwa kiasi cha kukusaidia. Inawapunguza watoto, ambao huenda tayari watakuja mapema, na inakupunguza wewe damu. Mama mwenye upungufu wa damu akivuja kidogo tu anaanguka. Kula mara nyingi, kidogo kidogo, kwani tumbo la chakula limebanwa: dagaa, samaki, maharage, mchicha, mayai, machungwa. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki umeze kila siku, usimeze pamoja na chai.

Mkaja sasa hivi usifunge. Kuukaza mkaja hakumpunguzi mtoto wala maji. Mvuto uko ndani na utabaki ndani. Kitakachobanwa ni pumzi yako na chakula chako, na ukilala utaamka na kiungulia. Kama kiuno kinauma, pitisha kanga laini chini ya tumbo ilibebe, isibane, ukitembea tu.

Ukishazaa, mkaja una nafasi yake, unakutuliza mgongo na unakupa raha ya kuhisi umeshikwa. Ila si wenyewe unaorudisha kizazi. Kizazi hurudi chenyewe. Kilo moja ya siku ya kwanza huwa nusu kilo kwa wiki moja, gramu 300 hivi kwa wiki mbili, na kikiwa kimeshashuka ndani ya nyonga huelekea chini ya gramu 100 zikikaribia siku arobaini. Mvuto umekwisha, homoni za kondo zimeondoka, na seli zilizokuwa zimerefuka zinakula protini zao za ziada na kusinyaa. Nyingi kati ya zenyewe hazifi, zinapungua tu umbo. Chango utakalolisikia ukinyonyesha, kali kuliko la mtoto wa kwanza, ni kizazi kikijikunja kwa oksitosini ya mwili wako mwenyewe. Linauma lakini linafanya kazi njema. Maji ya kukandwa yawe ya uvuguvugu, nimeona wazazi waliobabuka ngozi.

Kuhusu uvimbe wa wifi yako, ni kweli hutegemea estrojeni na projesteroni, na mara nyingi husinyaa mwanamke akikoma hedhi. Lakini mimba haikuletei uvimbe. Wanawake waliozaa huwa na uvimbe huo kwa uchache kuliko wasiozaa. Kama upo, huenda altrasaundi yako ingekuwa imeuona. Ukienda tena waulize jambo lingine, muhimu zaidi: watoto wana kondo moja au mawili? Wanaotumia kondo moja wanahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, mara kwa mara.

Na mama mkwe usimshinde kwa maneno. Amebeba msiba wa mdogo wake kwa miaka na anaona unamjia tena kwa sura yako. Kaa naye umsomee barua hii, kisha kliniki ijayo nenda naye, aingie ndani, asikie mapigo ya wajukuu zake wawili na amuulize mkunga yeye mwenyewe. Mume wako naye akipiga simu kutoka dago, mwambie apange kuwa nyumbani kuanzia wiki ya 32, na kabla ya hapo akuachie nauli na namba ya dereva wa bajaji asiyezima simu usiku.

Kapu la hospitali liandae wiki hii, usingoje. Kadi ya kliniki, kanga za kutosha, nguo za watoto wawili, kofia mbili na soksi mbili kwa sababu wakija mapema watahisi baridi. Mkaja wa mama mkwe nao uukunje vizuri uuweke juu kabisa, aone mwenyewe kwamba umeupokea. Utaufunga siku mtakaporudi nyumbani.